Elimu na Alama ni Ndugu wa Tumbo Moja

Leo nataka tuketi pamoja tulichambue neno moja tu. Ni neno tunalolitamka kila siku, tunalolilipia karo hadi mifuko inatoboka, na ambalo limewahi kuwagombanisha watu wa nyumba moja. Neno lenyewe ni elimu.

Kisa kilianza Januari, siku matokeo ya mtihani wa KCSE yalipotangazwa. Siku hiyo nilikuwa nyumbani kwa kaka yangu mkubwa, na sote tulikuwa tumeizunguka simu yake kama watu wanaoota moto. Arafa ilipoingia, kaka aliisoma kimya. Akaisoma tena. Kisha akailaza simu mezani kifudifudi. Mwanawe alikuwa amepata alama ya D+.

"Miaka minne nalipa karo," kaka akasema bila kumtazama kijana. "Miaka minne! Na bado huna elimu."

Hakupaza sauti. Pengine ingekuwa afadhali kama angepaza, kwa maana maneno yanayosemwa polepole huchoma zaidi. Kijana aliinuka, akatoka, na tangu usiku huo hakuketi tena meza moja na babake. Siku ya tatu alinibishia mlango hapa kwangu mtaani Umoja, mkoba mmoja begani. "Shangazi, naomba nikae hapa kidogo," akasema. Nikamwambia karibu. Wewe msomaji wajua jinsi "kidogo" ya namna hiyo inavyoweza kurefuka.

Basi jioni moja tulikuwa tukila ugali na sukuma wiki, kijana akiwa hayupo, binti yangu wa Gredi ya 6 akaniuliza, "Mama, elimu ni kitu gani hasa? Mjomba alisema kaka hana. Na amekwenda shule miaka 12!"

Ndugu msomaji, mimi mkate wangu hutoka katika Kiswahili. Nimesomea kazi ya kuandika na nina stashahada yangu niliyoitundika ukutani ndani ya fremu. Hata hivyo, swali la mtoto lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki. Nikamwambia, "Maliza chakula kwanza." Alipolala, nikaziteremsha kamusi kutoka juu ya kabati, nikazipangusa vumbi na kuanza kusoma.

Tuanze na chimbuko. Neno elimu lilitufikia kutoka Kiarabu, ambako husemwa ilm, maana yake kujua, au yale mambo yanayojuliwa. Lilivuka bahari pamoja na wafanyabiashara na wanazuoni waliofika pwani yetu kwa karne nyingi. Lakini Kiswahili hakimpokei mgeni bila kumvisha nguo za nyumbani. Ulimi wetu haupendi konsonanti mbili kama "l" na "m" zisukumane bila irabu katikati, wala neno limalizike na konsonanti. Kwa hivyo ilm ikawa ilimu, umbo ambalo bado utalikuta katika tungo za kale, na ilimu ikawa elimu.

Wala si sisi peke yetu tuliolichukua. Mhausa wa Afrika Magharibi husema ilimi, na Mwindonesia husema ilmu. Neno hilo limetembea kuliko watu wengi tunaowajua.

Kama ilivyo desturi ya Kiarabu, neno hili lina mzizi, na mzizi huo umezaa watoto chungu nzima. Wengi wao wanaishi nasi na hatujui kwamba ni ndugu. Mwalimu ni mmoja wao. Waarabu husema muallim, yaani mtu anayemfanya mwenzake ajue. Masikio ya Waswahili yaliposikia "mu" pale mwanzoni, yakaihesabu kama ile ya "mtu" na "mwana", na kwa hivyo tukapata mwalimu mmoja, walimu wengi na kazi yao ya ualimu. Sina haja ya kukukumbusha kwamba jirani zetu wa Tanzania walilifanya neno hilo kuwa jina la heshima la Rais wao wa kwanza, Julius Nyerere, ambaye kwa hakika alikuwa amefundisha darasani kabla ya siasa kumwita.

Mtoto mwingine ni taaluma, na asili yake ni tendo la kujifunza. Mwenye kubobea humo tunamwita mtaalamu. Yuko pia maalumu, ambaye Kiarabu chake ni "kinachojulikana". Ukisema umemwandalia mgeni chakula maalumu, umetumia neno lililotoka tumbo moja na elimu.

Nikaendelea kufunua kurasa. Ndipo nikakutana na mtoto mmoja aliyenifanya niiweke kamusi chini na kuinywa chai yangu iliyokwisha kupoa.

Mtoto huyo ni alama.

Naam, alama! Alama ile ile ya mtihani, alama ya barabarani, alama anayochanjwa ng'ombe ili mwenyewe amtambue. Kwa Kiarabu, alama ni ishara, kitu kinachomwezesha mtu kujua. Unaona ishara, kwa hiyo unajua kuna jambo nyuma yake. Kumbe elimu na alama walinyonya ziwa moja! Mmoja ni kule kujua kwenyewe, na mwenzake ni ile ishara ya kuonyesha kwamba kuna kitu cha kujua.

Sasa jiulize, msomaji, ni nani kati ya ndugu hawa wawili tuliyemketisha kwenye kiti cha mbele?

Mimi binafsi nilikulia katika hesabu za alama. Kaka yangu alipofanya KCPE mwaka 1998, masomo yalikuwa 7 na alama zilikuwa 700. Nilipofika mimi, miaka michache baadaye, zilikuwa zimepunguzwa hadi 500. Hadi leo akinitania husema mtihani wangu ulikuwa wa watoto. KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023, na binti yangu anasoma kwa mtaala mpya, ambao badala ya kuhesabu alama tu hueleza kama mtoto amezidi matarajio, ameyatimiza, anayakaribia au yuko chini yake. Mtaala umebadilika, lakini mzazi je? Nakiri mbele yako kwamba wiki iyo hiyo binti aliponiletea kazi yake, swali la kwanza kutoka kinywani mwangu lilikuwa, "Umepata ngapi?" Sikumwuliza amejua nini.

Mambo hayakuwa hivi tangu jadi. Katika Kiswahili cha kale, chuo lilikuwa neno la kitabu. Mtu alikuwa na chuo chake mkononi, na vyuo vyake rafuni. Baadaye neno likahama kutoka kwenye kitabu hadi mahali kinaposomewa, na leo tunalo katika chuo kikuu na chuo cha ualimu. Lakini maana ya kale haikufa kabisa. Mtu aliyebobea katika elimu bado tunamwita mwanachuoni, au mwanazuoni kwa lahaja nyingine. Anaitwa mwana, ndugu msomaji, kana kwamba kitabu ndicho kilichomlea.

Nenda Lamu, kwenye msikiti wa Riyadha ulioasisiwa na Habib Swaleh, mwanachuoni aliyetoka Ngazija. Mahali pale pamewavuta wanafunzi kutoka pembe nyingi za Afrika Mashariki. Kwa mapokeo ya kale ya wanazuoni, mwanafunzi hukisoma kitabu mbele ya mwalimu wake, mlango kwa mlango, na mwalimu akiridhika humpa idhini ya kukifundisha. Mwalimu hasemi "umepata 63". Husema, kwa ufupi, "Sasa unakijua. Nenda ukawajuze wengine."

Neno shule nalo lina kisa chake. Lilitoka Kijerumani, Schule, enzi Wajerumani walipoitawala Tanganyika, na likavuka mpaka hadi kwetu. Ndugu zetu wa Zanzibar walichukua la Kiingereza, na hadi leo husema skuli. Lakini yote mawili ukiyafuata nyuma kupitia Kilatini yanakupeleka kwa Wagiriki wa kale, na kwao neno hilo lilimaanisha wakati wa faragha, wakati ambapo mtu hana kazi ya kumkimbiza na anaweza kukaa akafikiri na kujadiliana na wenzake. Wanafunzi mnaonisoma leo, mnaoamka saa kumi alfajiri kuwahi basi, msicheke sana mkaamsha waliolala!

Nami nikaona nisiwachambue wengine nikajiacha. Nikalitafuta neno diploma, hilo lililo ukutani kwangu ndani ya fremu. Nalo ni la Kigiriki. Maana yake ni karatasi iliyokunjwa mara mbili. Basi! Miaka yote hiyo nimekuwa nikiipangusa kioo karatasi iliyokunjwa.

Nisije nikaeleweka vibaya. Sisemi alama hazina kazi. Kaka yangu ana sababu ya uchungu wake, na ni haki niieleze. Alipomaliza kidato cha nne mwaka 2002 alipita vizuri, lakini baba yetu hakuwa na pesa za kumpeleka mbele. Leo anaendesha lori la mizigo kutoka Mombasa hadi Malaba, na analala barabarani usiku mwingi kuliko nyumbani. Karo ya mwanawe aliikopa katika chama cha ushirika, na mkopo bado anaulipa. Yeye ajua vyema kwamba mlango wa chuo kikuu hapa kwetu hufunguka kwa C+ na kuendelea, na kwamba karani anayepokea barua za kazi hana wakati wa kuuliza mtu anajua nini. Huangalia alama. Kaka alipoiona ile D+, hakuona karatasi ya mwanawe tu. Aliona mlango uliofungwa usoni pake miaka hiyo yote ukifungwa mara ya pili.

Lakini kusema "alama zako ni za chini" ni jambo moja, na kusema "huna elimu" ni jambo jingine. La kwanza ni kweli, na kijana mwenyewe alilijua. La pili lahitaji ushahidi.

Ushahidi ulijileta wenyewe Jumamosi moja, kwa njia ya pasi. Pasi yetu ya umeme ilikuwa na tabia ya kuzima kila baada ya siku mbili tatu. Fundi wa dukani aliwahi kutubadilishia fyuzi mara mbili na kutulipisha mara mbili, nami nilikuwa nimeamua kununua nyingine. Kijana aliiomba, akachukua bisibisi, akafungua kile kichwa cha waya kinachoingia kwenye soketi. Binti yangu alikuwa amejiinamia pembeni kama daktari mwanagenzi.

"Ona," kijana akamwambia. "Fyuzi ni kijiwaya chembamba. Umeme ukizidi, chenyewe huyeyuka kwanza, kinakata njia, ili waya za nyumba zisiungue. Ni kama mlinzi anayekubali kufa langoni. Sasa, pasi hii imeandikwa wati 1,200. Umeme wetu ni volti 240. Gawanya."

Binti akagawanya kwa vidole na midomo. "Tano!"

"Ampea 5. Na huyu fundi aliweka fyuzi ya ampea 3, ya redio. Itahimili wapi? Pasi inataka ya 13."

Nilikuwa jikoni nikikatakata vitunguu, na nikaacha kukata. Huyu ndiye aliyeambiwa hana elimu. Hakukariri kitu. Alijua, na alipomjuza mwenziwe, mwenziwe naye akajua. Ukirudi kwenye kamusi, msomaji, hiyo ndiyo maana ya neno tangu mwanzo: kujua ni elimu, na mwenye kujuza ni mwalimu.

Na hapo nikakumbuka jambo jingine lililonifurahisha zaidi, maana halikuvuka bahari yoyote. Ni letu la Kibantu. Kufunda ni kumwelekeza na kumlea mtu katika ujuzi au maadili. Humo ndimo tulimopata kufundisha, mafunzo, kujifunza na mwanafunzi. Na humo humo ndimo alimotoka fundi! Kwa wazee wetu walioiunda lugha hii, anayejifunza na anayetengeneza kwa mikono walikuwa watu wa ukoo mmoja. Ni sisi tuliokuja baadaye tukawatenganisha, mmoja tukampa dawati, na mwenzake tukampa jua la barabarani na kumwita mtu aliyeshindwa na masomo.

Jumapili iliyofuata kaka alipita kwangu akitoka safari. Hakusema alimfuata nani. Alisema tu kwamba alikuwa na kiu ya chai. Kijana alimwamkia, akaitikiwa, kisha pakawa na kimya cha kukatwa kwa kisu. Mimi nilijishughulisha na vikombe.

Binti yangu, ambaye hajui kwamba kuna mambo yasiyosemwa mbele ya wakubwa, akavunja kimya hicho. "Mjomba, ulijua kwamba elimu na alama ni ndugu?"

"Ndugu vipi?"

Akamweleza kama nilivyokuwa nimemweleza, na kwa hakika vizuri kuliko nilivyomweleza. Kaka alisikiliza, kikombe mkononi. Binti akamalizia, "Alama ni kama zile za barabarani. Mjomba, wewe si dereva? Ukiona kibao kimeandikwa Mombasa pale Mlolongo, umefika Mombasa?"

Kaka alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeshikwa. "Pale bado una safari ya kutwa nzima ukiwa na mzigo," akasema. Kisha akakaa akitazama ndani ya kikombe chake kwa muda mrefu. Alipoinua uso alimgeukia mwanawe, kwa mara ya kwanza tangu Januari.

"Hebu niambie," akasema. "Wewe wajua nini?"

Swali lenyewe lingeweza kuwa la kejeli, lakini sauti haikuwa ya kejeli. Kijana alinyamaza, akasugua viganja, kisha akaanza na pasi. Kutoka kwa pasi akaenda kwa betri, na kutoka kwa betri akafika kwenye taa za nyuma za lori la babake ambazo, alisema, aliziona zikififia tangu mwaka jana na alijua ni kwa nini. Mimi nilirudi jikoni nikafunga mlango, kwa maana mazungumzo mengine hayahitaji shahidi.

Usidhani, msomaji, kwamba mambo yote yalinyooka jioni hiyo. Kaka hakuomba radhi, na mkopo haukulipika kwa maneno. Lakini walikula meza moja. Na alipokuwa akivaa viatu mlangoni, kaka aliniuliza polepole kama ni kweli kwamba mwenye D anaweza kupokewa kwa kozi ya cheti ya umeme katika vyuo vyetu vya ufundi. Nikamwambia ni kweli, na kwamba mwanawe ana D na zaidi kidogo. "Basi Jumatatu tutaenda kuulizia," akasema. Alisema tutaenda, wala hakusema aende.

Wahenga walinena kwamba elimu ni bahari. Nami naongeza kwamba alama ni kijiti kilichochomekwa ufuoni kuonyesha maji yamefika wapi leo. Ni vizuri kukitazama, lakini hakuna avuaye samaki kwa kukitazama kijiti.

Leo jioni, mtakapoketi mezani, nakuomba ufanye jambo moja dogo. Mtoto wako asije akasikia kwanza "umepata ngapi?" Mwulize, "Siku hizi umejua nini ambacho mimi sikijui?" Kisha nyamaza umsikilize. Huenda ukapata mwalimu ndani ya nyumba yako na hukuwa na habari.

Mimi nimeshapata wangu, tena wawili. Na pasi haijazima tena.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri ya kuonana.